Mililita Tatu za Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la ukaguzi. Kila ukurasa una safu nne: kifaa, kipimo kinachodaiwa, kipimo halisi, hatua iliyochukuliwa. Nimelibeba kutoka ofisini kabla ya kupasuliwa goti, kwa kuwa mtu wa mizani na vipimo asiye na daftari hajui aweke wapi mikono yake. Daktari amenipa miezi mitatu ya kutembea na gongo. Kaka yangu amenipa kazi ya kufanya ndani ya miezi hiyo.

Kazi ni kukaa hapa kwa Baba mpaka mvua ziishe, kutazama, kisha kumwambia kama Baba abaki hapa na Mama mdogo au ahamie kwa Kaka, ambako chumba kimeshapakwa rangi. "Mdogo wangu, wewe si mkaguzi? Kagua," aliniambia kwenye simu. "Yule mama anamwangalia mzee au anaiangalia nyumba?" Mama mdogo ni fundi wa mapazia. Baba alimwoa miaka sita iliyopita, baada ya mama yetu kufariki. Sina ugomvi naye. Mapenzi naye pia sina, na sijawahi kuyatafuta.

Jumanne, 4 Machi

Tangi la samaki liko pale pale chini ya dirisha la sebuleni, lita mia na ishirini, na Baba yuko pale pale mbele yake. Alikuwa mfamasia wa hospitali kwa miaka thelathini na minane, na sasa wagonjwa wake ni majani ya majini, samaki wadogo kumi na wanane wenye mstari mwekundu, kamba wadogo wasiohesabika, na samaki mzee mmoja mwenye mdomo wa kunyonya, anayeshinda akisafisha kioo. Huyo tunamwita Bwana Afya.

Amenipa somo. "Unaona, mwanangu, majani ya nchi kavu yanavuta kaboni kwenye hewa. Haya ya majini yana mwanga, yana mbolea, lakini kaboni ni chache. Yanashinda njaa ndani ya jumba la kifahari. Ndiyo maana nayapa hii." Akaniinulia chupa nyeupe ya nusu lita na bomba la sindano lisilo na sindano. "Kaboni ya maji. Mililita tatu, asubuhi, mara moja. Kesho yake imeshaisha nguvu, unatia tena. Ikipungua, majani yanadumaa. Ikizidi, samaki wanakosa pumzi, na haya marefu ya utepe yanayeyuka kama sabuni. Kipimo hakibembelezwi."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonilea. Kaka ilimtoa mbio, mimi ikanipeleka kwenye mizani.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Goti lilijua tangu jana.

Jumatano, 12 Machi

Majani ya tangi hili hayana afya. Ya utepe ni machache kuliko picha ya mwaka jana iliyoko ukutani, ya mbele yamepauka, na mwani wa kijani umekishika kioo kiasi kwamba Bwana Afya peke yake hawezi. Nimemuuliza Baba. Akanieleza tena habari ya kaboni, kuanzia majani ya nchi kavu, jumba la kifahari, sabuni na yote. Nimesikiliza mpaka mwisho. Walimu wazuri hawachoki kurudia.

Asiyenifurahisha ni Mama mdogo. Hamwachi mzee amalize sentensi. Baba akisema, "Nipe ile... ile ya...", yeye ameshasema, "Miwani hii hapa, Mzee." Mtu aliyewahi kusoma maandishi ya madaktari wote wa mji anafanywa mtoto wa chekechea. Tena nimegundua anaficha ufunguo wa jiko la gesi kwenye kopo la vifungo.

Leo, kwa mazoea ya kazi, nimeweka alama ndogo ya kalamu kwenye chupa ya kaboni, pale maji yalipofikia.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mazoezi ya goti. Matusi ya kimoyomoyo.

Jumanne, 18 Machi

Siku sita, mililita tatu kwa siku. Chupa ilipaswa kushuka mililita kumi na nane. Chupa imepanda.

Nimekaa naitazama kama mtu aliyeona jogoo akitaga. Imepita alama yangu kwa upana wa kidole. Nimefungua kifuniko nikanusa. Kaboni ya maji ina harufu inayokuchoma puani, nusu siki, nusu dawa ya kusafishia wodi. Hii haina harufu yoyote. Ni maji ya bomba, yale yale tunayooshea vikombe.

Nimewafungia wauza maziwa kwa kosa hili. Najua linavyofanyika na najua sura ya anayelifanya: ni mpole, ana haraka kidogo, na hapendi ukae karibu na chombo chake. Humu ndani tuko watatu. Baba hawezi kuitia maji dawa yake mwenyewe. Mimi sikuitia.

Jumapili, 23 Machi

Namchunguza. Asubuhi Baba alikuwa amesimama mbele ya tangi, bomba mkononi. Mama mdogo akapita nyuma yake na kikapu cha vitambaa, akamnong'oneza, "Umeshatia, Mzee." Baba akacheka, akaweka bomba chini, akatoka kwenda kwa kinyozi kusoma magazeti ya watu. Hata dozi ya maji anamnyima! Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza. Mkaguzi haongei kabla hajashika ushahidi.

Nimefikiri sababu ni nini. Labda wivu. Tangi hili Baba alilinunua na mama yetu, na majani ya kwanza ya utepe mama ndiye aliyeyapanda, mikono imezama hadi kwenye viwiko, akilalamika kwamba maji ni ya baridi. Huenda mtu akachoka kufuta vumbi kwenye kumbukumbu ya mwingine. Ningemwelewa kama angesema. Lakini kuyaua kwa njaa, kidogo kidogo, huku ukimwita mumeo "Mzee" kwa sauti ya asali, hilo silielewi.

Jumatano, 2 Aprili

Muuza samaki wa mapambo ameniletea chupa mpya ya kaboni mlangoni wakati Mama mdogo yuko kwa mteja anapima madirisha. Nimemwaga maji yake ya uongo kwenye sinki. Nimejaza ile chupa ya Baba kwa dawa ya kweli hadi kwenye mstari wa nusu lita, nikairudisha mahali pake. Kisha nimekuja kuandika hapa, kwenye safu ya nne: kifaa kimerekebishwa. Sikumwambia mtu. Sijajisikia vizuri hivi tangu nipasuliwe.

Jumamosi, 5 Aprili

Tangi limeanza kupumua! Viputo vidogo kwenye majani ya mbele, kama vya soda. Ncha za yale ya utepe zimekuwa laini, zinapitisha mwanga, nadhani yanaacha yaliyozeeka ili yaote upya. Kesho nampigia Kaka.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika jioni. Mikono bado inanuka dawa.

Mvua ilianza alfajiri na haikuacha hata nafasi ya kuchungulia. Mama mdogo alitoka na mapazia ya watu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa aliahidi. Baba hakwenda kwa kinyozi. Alishinda sebuleni. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, mguu juu ya mito, nikimweleza Kaka kwa simu jinsi nilivyomnasa mke wa baba yetu. Nilisema mengi. Nilisema neno "ushahidi" mara tano au sita. Kaka akasema, "Basi nakuja kumchukua Baba mwezi ujao."

Saa sita mchana nikasikia mlango, kisha sauti ya Mama mdogo, si ya asali tena. "Dada! Njoo! Njoo hapa!"

Samaki wote walikuwa juu. Midomo nje ya maji, wanameza hewa. Kamba wadogo walikuwa wamelala kwa ubavu juu ya mchanga, rangi ya waridi. Majani ya utepe yalikuwa yamelegea, ukiyagusa yanakatika. Mama mdogo, maji ya mvua yakimchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa, alishika chupa, akafungua, akanusa. Akanigeukia.

"Nani kabadilisha chupa?"

"Mimi," nikasema, na nilisema kwa kiburi, namkumbuka yule mtu niliyekuwa. "Nimerudisha dawa. Wewe ulikuwa unatia maji."

Aliirudisha chupa kwenye rafu, akavua viatu, akakimbilia uani. Kuna ndoo tano Baba hujaza maji ya bomba na kuyaacha yalale siku mbili ili klorini iishe. Alizileta zote, moja moja, kwa mikono ile ya kushona. Mimi na gongo langu nilifaa kushika mpira wa kutolea maji machafu na kuwasha pampu ya hewa hadi mwisho. Tulitoa nusu ya tangi, tukajaza. Tukatoa tena.

Baba alitoka chumbani akifunga kifungo cha shati. Alitutazama sisi, mabeseni, sakafu iliyolowa. Hakushtuka. Alipita katikati yetu kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wageni, akachukua lile bomba kwenye rafu.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Bado sijawapa dozi ya leo."

Hapo ndipo nilipoona. Sikuhitaji kuelezwa. Mama mdogo alimshika mkono taratibu. "Umeshatia, Mzee."

"Nimeshatia?"

"Umeshatia."

"Haya." Akaketi.

Baadaye niliipima chupa. Jumatano hadi leo ni dozi tano, mililita kumi na tano. Zilizotoka ni sabini na tano. Baba ametia mara ishirini na tano kwa siku tano, na nyingi ni za leo, siku ya mvua, alipokuwa hana pa kwenda. Kila mara ilikuwa ndiyo mara ya kwanza.

Wamekufa samaki kumi na mmoja, kamba wote, na Bwana Afya.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama mdogo amenieleza, akishona, bila kuniangalia, ili nisiaibike. Mwaka jana mwezi wa kumi alikuta samaki watatu wamekufa. Akaanza kuhesabu dozi kwa jicho. Alipoona Baba anatia mara nne kwa asubuhi moja, akamwaga dawa akajaza maji. Chupa ikishuka, anaongeza, Baba asije akashtuka kuikuta tupu. Ufunguo wa gesi ni kwa sababu Baba aliwasha jiko akaenda kulala. Alishampeleka hospitali, kadi iko kwenye droo ya cherehani, dawa anakunywa kila siku na haijasaidia sana.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamuuliza.

"Aliniomba. Alisema, 'Watoto wangu wanajua mimi sikosei.' Ningesemaje?" Akakata uzi kwa meno. "Na wewe ulipokuja na daftari, nikasema huyu kaja kunipima. Nikaogopa zaidi."

Niliona haya hadi masikioni. Nimemwomba msamaha. Amesema yaishe, ila nimsaidie kukausha sakafu.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi Baba alikuwa mzima kabisa. Siku za hivi zipo, Mama mdogo ameniambia, zinakuja na kuondoka kama umeme. Alilitazama tangi kwa muda mrefu, akahesabu samaki kwa kidole. Kisha akaniita.

"Nilitia mara ngapi?"

Miaka kumi na tisa nimesoma mizani za wakubwa na wadogo, na sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona.

"Mara mbili, Baba."

Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka minane na nimevunja chupa ya iodini. "Mbili haziwezi kuua," alisema. Akaenda kuchukua kisu cha kukwangulia kioo, kwa kuwa Bwana Afya hayupo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Baba amenieleza tena habari ya kaboni. Jumba la kifahari. Nimeuliza maswali mapya.

Jumamosi, 19 Aprili

Kila siku anamtafuta Bwana Afya. Anainama, anachungulia nyuma ya gogo. "Mzee wa kazi yuko wapi?" Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akaumia kama ndiyo kwanza kafa, na kwake ilikuwa ndiyo kwanza kafa. Leo Mama mdogo amejibu kabla yangu, huku akipima pazia.

"Kapata uhamisho."

Baba akawaza. "Uhamisho bila barua?"

"Serikali hiyo, Mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka, nikaenda chumbani, nikalia.

Jumatano, 30 Aprili

Mama mdogo anataka kujifunza dozi ya kweli. Alikuwa anaiogopa. "Sentimita nazijua hata gizani," alisema. "Mililita hatujatambulishwa." Nimemfundisha kwa maji ya rangi: kuvuta taratibu, kugonga bomba ili kiputo kipande juu, kusoma mstari macho yakiwa sawa na maji, kuvaa glavu. Alivuta mara tatu, zote tatu kwenye mstari kabisa. Fundi ni fundi. Nina vijana ofisini waliosoma miaka miwili na hawafiki hapo.

Sasa ziko chupa mbili. Ya kweli inakaa kwenye droo ya cherehani, na saa kumi na mbili asubuhi, Baba akiwa bado amelala, Mama mdogo anatia mililita tatu. Ya pili, ile ya zamani, tumeijaza maji, iko kwenye rafu ya Baba. Hiyo ni yake, atie atakavyo.

Alhamisi, 8 Mei

Jani jipya la utepe. Moja, urefu wa kidole, kijani cha kung'aa, kutoka kwenye shina nililodhani limeoza. Mama mdogo ndiye aliyeliona. Aliniambia kwa sauti ya chini, "La mama yenu limerudi." Kumbe anajua majani haya ni ya nani. Amekuwa akijua miaka yote sita, na akiyafutia kioo.

Jioni nimempigia Kaka. Nimemwambia yote, pamoja na sehemu yangu, ambayo ilikuwa ngumu kuitamka.

"Kwa hiyo hali ya Baba ni mbaya," alisema.

"Hali ni mbaya. Matunzo ni mazuri. Hivyo ni vipimo viwili, usivichanganye."

"Chumba nimeshakipaka rangi."

"Mpangishe mtu. Au njoo ulale wewe huku, umpumzishe Mama mdogo wiki moja kila mwezi. Huku Baba anajua rafu ilipo hata akisahau amekuja kuchukua nini. Kwako atasahau na rafu."

Amesema atakuja. Nimemwambia nitaandika tarehe.

Jumamosi, 17 Mei

Hakuna mvua siku ya tatu. Gongo nimelirudisha hospitali. Baba leo aliniita "dada," kwa adabu, akaniuliza kama nimekuja kuchukua dawa. Nikasema ndiyo. Akaniambia ninywe na chakula.

Jumapili, 25 Mei

Kesho naondoka. Mvua zimekwisha, ua umekauka, na majani ya utepe ni saba.

Asubuhi hii Mama mdogo alikuwa bafuni. Baba alisimama mbele ya tangi, akavuta mililita tatu za maji ya bomba, akagonga bomba ili kiputo kipande juu, akasoma mstari kwa macho yaliyo sawa na maji, akatia. Kisha akafungua chupa tena. Nilidhani anarudia. Aliinusa. Alinusa kwa muda, macho yamefumbwa, na alipoyafumbua nilijua yuko pale, mzima.

"Mwanangu. Miaka thelathini na minane."

"Naam, Baba."

"Unadhani siwezi kunusa maji?"

Alifunga kifuniko vizuri, akakikaza, akaigeuza chupa ili maandishi yatazame mbele, kama zilivyokuwa rafu zake zote.

"Asubuhi nikiamka majani yameshakula," alisema. "Yananona. Kwa hiyo yuko anayepima, na anapima sawasawa." Aliutazama mlango wa bafuni. "Usimwambie kwamba najua. Atajisikia vibaya."

"Sitamwambia."

"Na mimi nikisahau kwamba najua, usinikumbushe. Niache nitie."

Akaenda kwa kinyozi. Dakika kumi baadaye alirudi kuchukua kofia, akaona bomba, akavuta mililita tatu. Mama mdogo alitoka bafuni, akafungua mdomo kusema ameshatia, akaufunga. Akamwacha.

Nimefunga mizigo. Ndani ya mkoba wa kazi nina stika za ofisi, zile tunazobandika kwenye mizani iliyopita ukaguzi, na sheria inasema stika moja isiyostahili inatosha kumfukuzisha mtu kazi. Nimeitoa moja. Nimeibandika kwenye chupa ya maji, upande wa ukutani ambako Baba haoni, nimeitia sahihi na tarehe. Imekaguliwa. Ni sahihi.